Vyombo vya Umeme Vilivyokufa na Jinsi Vinavyorejelezwa

Hotuba ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa Lizaboni mbele ya wanachama na viongozi katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka 10



Tulipoombwa tuseme machache katika siku hii kuu, bila shaka wengi wenu mlitazamia tuzungumze habari za mazao: mahindi, ufuta, soya na mbaazi. Hayo yamekwisha kusemwa na wanaoyajua zaidi kuliko sisi, na hesabu zake zimepigwa chapa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi twaomba ruhusa ya kusema juu ya jambo lisilo na ngoma wala kwaya, nalo ni vitu vilivyomo katika stoo yetu ndogo ya nyuma.

Majuma machache yaliyopita tuliifungua stoo hiyo kutafuta viti vya sherehe. Viti tulivipata 11. Pamoja navyo tulikuta mizani 4 za umeme zisizowaka, kompyuta 2, mashine moja ya kuchapia stakabadhi, sanduku la simu zilizokuwa za makarani, na betri 6 za umeme wa jua zimeegemezwa ukutani. Betri moja ilikuwa imepasuka. Maji yake yalimwagika hata saruji ikageuka kuwa nyeupe na kumomonyoka kama mkate mkavu. Tulitazamana. Hapana aliyeweza kusema vitu hivyo viliingia humo lini, kwa kuwa havikuandikwa popote. Chama hiki, ambacho huandika kila kilo ya ufuta inayopita mlangoni, kilikuwa hakina hata mstari mmoja wa maandishi juu ya mali hiyo iliyokufa.

Tusijilaumu kupita kiasi, maana mambo yenyewe yamekuja kwa kasi. Chama chetu kilipoanza, umeme wa gridi ya Taifa ulikuwa haujafika Songea. Mji ulitegemea majenereta ya dizeli, na vijijini aliyekuwa na taa ya jua alihesabiwa kuwa ametangulia. Mwaka 2018 njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilifika. Tangu hapo yaliyofuata mmeyaona wenyewe: redio, televisheni na majokofu, na simu kila mfuko. Stakabadhi za ghala na minada ya mazao vimeingia katika kompyuta, na mizani ya umeme imechukua mahali pa ile ya mshale iliyotugombanisha kila msimu. Hatutaki kurudi nyuma. Ila kila chombo kilichokuja kina siku yake ya kufa, na vile vya mwanzo vimekwisha kufa.

Siku mbili baada ya kuifungua stoo, alifika mnunuzi mmoja wa chuma chakavu. Habari zilimfikiaje hatujui. Alitazama, akatikisa kichwa mbele ya kompyuta, akazigonga betri kwa kidole, kisha akataja bei ya vyote kwa jumla, fedha taslimu mkononi. Hatufichi: wengine katika kamati hii walitaka auziwe saa ile ile, kwa kuwa fedha hizo zingelipia maturubai yanayowakinga na jua hivi sasa. Lakini mmoja wetu alimwuliza swali la mkulima: "Nawe ukishanunua, wafanya nini?" Yule bwana alijibu bila hila yoyote. Betri hupasuliwa kwa shoka, maji yake humwagwa chini, na madini ya risasi huyeyushwa kwenye sufuria. Nyaya huchomwa moto hata zibaki shaba tupu. Vibao vya ndani havina mnunuzi hapa; hutupwa jalalani au korongoni.

Tulimwomba atupe nafasi tufikiri, naye akaenda zake. Tukakataa kuuza. Fedha zile zilikuwa zenu, wala si zetu, na kukataa kwetu kumewagharimu. Kwa hiyo mna haki ya kudai sababu.

Kwanza yafaa tujue chombo cha namna hii kina nini tumboni. Asubuhi hii tuliifungua simu moja, ipo hapa mezani. Kuna ganda la plastiki na kioo, na betri bapa ya aina ya lithi. Kisha kuna kibao cha kijani kilichochorwa njia nyembamba za shaba, na juu yake vimebandikwa vipande vidogo kama mbegu za mchicha. Katika kibao hicho mna shaba, bati, nikeli na fedha, tena mna dhahabu. Dhahabu imewekwa kwa sababu haishiki kutu, na mahali umeme unapopita kwa udogo hivyo kutu kidogo yatosha kukata mawasiliano.

Mkisikia dhahabu msije mkakimbilia nyundo. Katika simu moja imo sehemu ndogo mno ya gramu. Lakini mkikusanya tani moja ya simu zilizotolewa betri, yaani simu kama 10,000, mtapata takriban gramu 300 za dhahabu. Mlinganishe na mwamba wa machimbo, ambao tani moja yake ikitoa gramu 5 huhesabiwa kuwa mwamba mzuri. Hapo ndipo jambo hili linapofanana na ushirika. Simu moja ni takataka na simu 10,000 ni mgodi, na hapana mtu mmoja katika Ruvuma mwenye simu 10,000.

Wajapani walilionyesha jambo hili mbele ya dunia nzima. Kuanzia Aprili 2017 hata Machi 2019 waliwaomba wananchi wao walete simu na vyombo vidogo vya umeme vilivyokufa, ili medali za michezo ya Olimpiki ya Tokyo zitengenezwe kwa madini yatakayotoka humo. Zilikusanywa tani 78,985, na ndani yake simu za mkononi milioni 6.21. Zilitoka kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba nyeusi, zikatosha kwa medali kama 5,000. Angalieni uwiano wenyewe: mamilioni ya simu, pamoja na shehena yote ile, dhahabu yake ni kilo 32, uzito wa gunia dogo. Mtu anayedhani atavunja simu zake tatu na kutajirika amedanganywa.

Sasa twendeni hatua kwa hatua tuone kazi hiyo hufanywaje. Kurejeleza maana yake ni kukirudisha chombo kuwa malighafi, ili shaba iwe shaba tena na chuma kiwe chuma tena. Wenzetu wa Mbinga watatuelewa upesi kwa mfano wa kahawa. Mkulima huchuma, humenya, huosha na huanika. Kukoboa ni kazi ya kiwanda, na kukaanga aghalabu hufanywa ng'ambo. Mkulima anayekaanga kahawa yake yote nyumbani kisha akatafuta mnunuzi, amejiharibia mali. Vivyo hivyo chombo cha umeme kina mikono kadhaa ya kupitia, na kila mkono una kazi yake.

Mkono wa kwanza ni wa fundi. Hili twalisema kwa aibu kidogo. Zile mizani 4 za stoo tulizipeleka kwa fundi wa hapa Lizaboni, kijana anayefanya kazi katika kibanda kisichozidi upana wa mlango. Mizani moja aliifungua, akaunga waya uliokatika, ikawaka. Mizani ile haikuwa imekufa. Sisi tuliitupa ikiwa nzima na kununua mpya kwa fedha za wanachama. Basi kabla ya kusema habari za viwanda vikubwa, ijulikane kwamba chombo kinachotengenezeka si taka, na fundi anayekirudishia uhai ametenda zaidi ya tanuri lolote, kwa sababu hakuna kilichopotea.

Kikishashindikana kwa fundi, mkono wa pili ni wa kukusanya na kupanga. Hapa wakulima wa tumbaku hawahitaji mwalimu, kwa kuwa wamezoea kupanga madaraja. Betri huwekwa mbali na vitu vingine vyote. Televisheni za zamani, zile zenye kisogo kirefu, huwekwa peke yake, kwa kuwa kioo chake kimechanganywa na madini ya risasi. Taa ndefu za mirija zina chembe za zebaki, hazipasuliwi. Jokofu lina gesi, na katika majokofu ya zamani gesi hiyo huharibu tabaka la juu linalotukinga na ukali wa jua. Sharti ivutwe kwa mashine kabla ya mtu kugusa mabomba. Simu na kompyuta hukaa kundi moja.

Juu ya kompyuta tuna neno kwa makatibu. Ndani ya kila kompyuta kuna diski inayohifadhi maandishi, na mtu akiyafuta kwa kidole tu mara nyingi bado yamo. Katika zile kompyuta 2 za stoo mna majina yenu, kilo zenu na namba zenu za benki. Kiwanda cha kweli huifuta diski kwa njia ya hakika au huisaga, kisha hutoa cheti kwamba imeharibiwa. Mnunuzi wa barabarani hana cheti cha kutoa, na diski yenu yaweza kuishia mikononi mwa mtu yeyote.

Mkono wa tatu ni wa kufungua, na kazi hii hata katika nchi tajiri hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wenye bisibisi. Huanza na betri. Betri ya lithi ikitobolewa au kukunjwa hushika moto yenyewe, na moto huo hauzimiki kwa ndoo ya maji iliyoletwa kwa hofu. Viwanda vimeungua kwa betri moja ya simu iliyosahauliwa ndani. Baada ya betri hutolewa nyaya, kisha vibao, kisha chuma na plastiki. Kazi ya namna hii hufanywa karibu nasi. Nairobi kuna kituo kiitwacho WEEE Centre, na Rwanda wana kiwanda katika wilaya ya Bugesera. Huko vijana hukaa katika meza zenye mwanga, wamevaa glavu na vizuia vumbi, wakitenga vipande katika masanduku kama vile kina mama wanavyochambua maharage.

Mkono wa nne ni wa mashine. Vilivyobaki husagwa vipande vidogo, hupitishwa chini ya sumaku nayo ikanyakua chuma. Kisha hupitishwa juu ya gurudumu lenye sumaku zizungukazo kwa kasi, na hapo aluminiamu, ambayo sumaku ya kawaida haiishiki, huruka kando kama imepigwa teke. Plastiki hutengwa kwa maji: nyingine huelea na nyingine huzama. Si plastiki zote zinazofaa kutumika tena, kwa maana nyingine zilitiwa dawa ya kuzuia moto, na hizo hazipaswi kabisa kugeuzwa vyombo vya chakula.

Vile vibao vya kijani husafiri mbali zaidi. Vinahitaji tanuri kubwa lenye machujio ya moshi, na matanuri ya namna hiyo ni machache duniani. Mojawapo lipo Hoboken, karibu na Antwerp nchini Ubelgiji, ambako madini ya aina 17 hutolewa kutoka katika vitu vya namna hii. Namna inayotumika katika viwanda vingi vya shaba ni hii, nasi twaona ni ya kupendeza. Vibao huyeyushwa pamoja na shaba, na shaba hiyo iliyoyeyuka huzibeba dhahabu na fedha ndani yake kama mto unavyobeba mchanga. Ikishapoa huundwa mabamba, nayo huning'inizwa katika birika la maji yenye tindikali. Umeme hupitishwa. Shaba huhama polepole kutoka bamba moja kwenda bamba la pili, ikiwa safi kabisa. Dhahabu na fedha haziwezi kuhama, huanguka chini na kuwa tope. Tope hilo jeusi, ambalo mtu asiyejua angelimwaga, ndilo lenye thamani kuliko birika zima.

Tumesema mengi ya simu na kompyuta, lakini hofu yetu kubwa ni betri, na hasa hizi nzito za umeme wa jua, za magari na za pikipiki. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Risasi twayoitaja hapa ni ile metali laini ya kijivu. Hailipuki, hainuki, wala haimwumi mtu anayeishika, na kwa sababu hiyo hakuna anayeiogopa. Vumbi lake huingia kwa pumzi na kwa mikono isiyonawiwa, na moshi wake ni mbaya zaidi. Mtoto mdogo huumia kuliko mtu mzima: ubongo wake hupungukiwa, hujifunza kwa shida, na madhara hayo hayarudishwi kwa dawa. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakijulikani kiwango chochote cha risasi katika damu kilicho salama. Tena risasi haiozi. Ikishaingia katika udongo hukaa humo, na sisi sote hapa tunaishi kwa udongo.

Mfano wake haupo mbali. Mjini Mombasa kuna kitongoji kiitwacho Owino Uhuru, chenye wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2007 palianzishwa kando yake kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Kilileta ajira, na watu walifurahi. Moshi uliingia majumbani, na maji machafu yakapita vichochoroni. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliugulia mtoto aliyekuwa bado ananyonya. Alipopimwa alikutwa na risasi katika damu. Bibi huyo aliacha kazi akaanza kuwakusanya majirani zake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wananchi walikwenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo; Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni miaka tangu kufungwa kwa kiwanda hata hukumu ya mwisho: ni 10, sawa na umri wa chama chetu. Na hukumu hiyo, pamoja na ukubwa wa fidia yake, haiwezi kuitoa risasi mwilini mwa mtoto.

Hilo lilikuwa jambo la kiwanda kizima. Mtu anayepasua betri moja uani na kuyeyusha risasi ili atengeneze chubwi za kuvulia samaki anatenda jambo lile lile kwa kipimo kidogo, katika sufuria ambayo pengine itarudi jikoni. Katika chama kimoja cha msingi tulionyeshwa nyuma ya ghala mahali palipomwagwa maji ya betri. Majani hayakuota hapo, ingawa mvua za misimu miwili zimepita. Karani aliyeyamwaga alikuwa mtu mwema. Alitaka kuyahifadhi masanduku ya betri yawe makopo ya kuoteshea miche.

Wazee hapa watakumbuka jinsi tulivyoponda betri za tochi tukapaka unga wake mweusi ubaoni shuleni. Hatukujua, na walimu hawakujua. Sasa twajua.

Betri nzito hurejelezwa hivi inapotendwa kwa haki: hupasuliwa ndani ya mashine iliyofungwa, tindikali yake huzimwa kwa magadi au chokaa kabla ya kutolewa nje, plastiki huoshwa ili iwe masanduku mapya, risasi huyeyushwa katika tanuri lenye machujio, na wafanyakazi hupimwa damu. Risasi hiyo hurudi kuwa betri. Kwa upande huu betri ni bora kuliko vyombo vingine, maana karibu yote yaweza kuzaliwa upya.

Tena ina bei, na hapa twaomba mtusikilize kwa makini, hasa ninyi watunza hazina. Betri na nyaya za shaba huuzika. Televisheni ya kisogo haiuziki. Yeyote anayeichukua kwa njia halali anapata hasara. Taa za zebaki ni hasara, na plastiki nyingi ni hasara. Katika hesabu ya kweli ni betri na shaba zinazolipia safari ya vile visivyo na bei. Basi mnunuzi wa barabarani akija akachukua betri na shaba peke yake, anakuwa amechukua kiini na kutuachia maganda, na baadaye hatutapata mtu wa kuyaondoa maganda hayo. Sisi watu wa Kusini tumekwisha kulijua jambo hili kwa majina mengine. Wenzetu wa Tunduru wanaitwa na kangomba anayetaka korosho nje ya chama. Wa Mbinga wanajua magoma ya kahawa. Sura ni mpya, lakini hesabu ni ile ile.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na mwaka 2021 zilitolewa kanuni zihusuzo taka za vifaa vya umeme na vya kielektroniki. Anayekusanya, anayesafirisha na anayerejeleza anatakiwa kuwa na kibali, na msimamizi ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Chama kinachouza betri kwa mtu asiye na kibali kimejiweka mahali pabaya. Kwa upande wa kupeleka nje ya nchi kuna Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za vyombo vya umeme, ziwe za sumu au zisiwe, haziwezi kuvushwa mpaka bila idhini ya nchi inayopokea. Mkataba huo watukinga sisi pia, maana zipo nchi zilizozoea kutuma vyombo vyao vilivyokufa kwa jina la msaada. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2024 ilihesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo hivi, na ambavyo vilijulikana kwa hakika kuwa vimekusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Kwa hiyo si Songea peke yake iliyo nyuma.

Sasa twaleta pendekezo, nalo litapigiwa kura katika Mkutano Mkuu. Twaomba kila chama cha msingi kitenge pembe moja ya ghala, yenye paa na sakafu, mbali na mazao na mbolea. Pembe hiyo iwe na sanduku moja la simu na vyombo vidogo, na beseni pana la plastiki la kusimamishia betri nzito. Mwanachama aletapo chombo, kipimwe na kuandikwa katika daftari, naye apewe stakabadhi kama aletapo ufuta. Baada ya msimu, malori yanayotuletea mbolea, ambayo mengi hurudi Dar es Salaam matupu, yaombwe kubeba mzigo huo kwa kampuni yenye kibali cha NEMC. Lori lenyewe pia lipatiwe kibali. Hilo ni jukumu la ofisi ya Chama Kikuu, wala si la dereva.

Mtauliza faida. Tumefanya hesabu mara tatu na hatutaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwaka wa kwanza hapatakuwa na faida. Betri zitalipia usafiri, na pengine kitabaki kidogo cha kununulia madaftari. Ukilinganisha na fedha taslimu za yule mnunuzi, kamati yenu imewapa hasara, na anayetaka kutuuliza juu ya hilo ana haki. Mjumbe mmoja wa Bodi ametuambia waziwazi kwamba chama cha wakulima hakikuundwa kukusanya redio mbovu. Twamheshimu, na atapata nafasi ya kusema. Jibu letu ni kwamba vitu hivyo vimekwisha kukusanyika kwetu, tutake tusitake. Vimo katika stoo zetu, chini ya vitanda vyetu, na vingine vimo mashambani. Tunachoamua ni vitatokaje.

Wakati tunangoja kura, twaomba yafuatayo kwa wote. Betri nzito isipinduliwe wala kulazwa. Isimame, iwekwe juu ya plastiki, na watoto wasiifikie. Ikiwa imevuja, asiiguse mtu kwa mkono mtupu. Mwagieni majivu au chokaa palipolowa. Betri ya simu iliyovimba msiitoboe mkitaka kuishusha. Iwekeni katika kopo lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba. Nyaya zisichomwe. Televisheni ya kisogo isipasuliwe kwa ajili ya shaba ya ndani, ambayo haifikii thamani ya kioo kitakachomwingia mtoto mguuni. Wale waliobaki na simu tangu Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini, wazitafute. Twajua bado zimo katika masanduku ya nguo.

Zile mizani 3 zilizokufa kweli zimefungwa kamba na kuandikwa namba 1, 2 na 3 katika daftari jipya, na betri 6 zinafuata. Ile mizani iliyofufuka ipo mlangoni. Ndiyo iliyopima mchele wa chakula cha mchana huu. Tupo tayari kwa maswali. Na hii simu iliyofunguliwa tutaiacha hapa mezani hata jioni. Piteni mmoja mmoja mwitazame, mkiona mahali penye rangi ya manjano pembeni mwa kibao hiyo ndiyo dhahabu yenyewe, ila betri tumeiweka kando katika kopo la mchanga, nayo twaomba isiguswe.